Mkwe Juu ya Ubao

Bi Mwanawetu wa Mbwara alikuwa likizo. Neno hilo alilisema mwenyewe, tena kwa sauti, kwa kila aliyemuuliza anakwenda wapi na mkoba ule. "Walimu wana likizo, mabwana shamba wana likizo, hata watu wa ofisi za Utete ukiwafuata unaambiwa wako likizo. Mimi nimelima tangu ningali mwari, nani aliyewahi kunipa likizo? Basi mwaka huu nimejipa." Akauza ufuta wake, akamwachia jirani kuku, akafunga mlango, akapanda gari mpaka Kibiti, kutoka Kibiti mpaka Nyamisati, na pale Nyamisati akapanda boti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Njia nzima alifumba macho, anasoma kila sura aliyoihifadhi. Sura zikaisha kabla ya safari, akaanza upya, na hivyo ndivyo alivyofika Mbwera kwa binti yake Habiba.

Aliyeshika mashine ya boti hiyo alikuwa mkwewe, Mtoro, mume wa Habiba. Katika mwendo wote ule hawakusemezana neno. Bi Mwanawetu alikaa mbele kabisa, amempa mgongo. Mtoro alisimama nyuma kabisa, anatazama mikoko. Abiria waliokuwa katikati wakawa ukuta. Wote waliona ni sawa, maana adabu ya mtu na mama mkwe wake inajulikana: humtazami usoni, huli mbele yake, huingii alipoketi, humwonyeshi kifua wazi, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu mwingine. Ila kila nyumba ina kipimo chake. Wako wanaojipimia adabu hiyo kibaba. Mtoro alijipimia debe zima.

Alikuwa mwanamume mzima, fundi, anayeweza kuifungua mashine ya boti katikati ya mto na kuifunga tena pasibaki hata nati moja mkononi. Lakini akisikia kikohozi cha Bi Mwanawetu uani, aliingia nyumbani kwake kwa dirishani kama kibaka. Mama yake mzazi, Bi Biasha, aliyekaa nyumba ya jirani, alimwona miguu ikining'inia nje ya dirisha asubuhi moja, akacheka mpaka akaketi chini.

"Mwanangu, mlango uliugharamia wewe," alimwambia. "Utumie."

Bi Biasha alikuwa na haki ya kucheka, maana hakujua kilichomsumbua mwanawe. Haikuwa adabu peke yake. Habiba alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mke. Hilo Mtoro hakuligombea, nani angeligombea? Likizo ikiisha, Bi Mwanawetu angerudi Mbwara na bintiye, ajifungue huko, alelewe huko mpaka arobaini. Tatizo lilikuwa arobaini za Bi Mwanawetu. Zilikuwa haziishi. Binti yake mkubwa, Kudra, alikwenda kujifungua kwa mama yake vivyo hivyo, na mumewe, Amri wa Utete, akahesabu siku zake, akanunua nguo za mtoto, akaenda kumchukua. Akapikiwa wali kwa kuku, akala, akashukuriwa, akarudishwa peke yake. Alipokwenda mara ya pili akaambiwa mtoto bado mchanga. Alipokwenda na wazee wake na kumpata mkewe hatimaye, mtoto alikuwa akikimbia, anasema Kimatumbi, na alipomwona baba yake alimkimbilia bibi akasema, "Bibi, yule mgeni amekuja tena."

Kisa hicho Mtoro alisimuliwa na Amri mwenyewe, na Amri hakuwa akicheka.

Basi Mtoro alikuwa na sentensi moja tu ya kumwambia mkwewe: "Mama, arobaini ikiisha naomba mke wangu na mwanangu warudi." Aliifanyia mazoezi kwenye boti, mashine ikinguruma, akaisema kwa upole, akaisema kwa ukali, akaisema kwa Kimatumbi cha kubabaisha. Nchi kavu haikutoka. Kumtuma Habiba alijaribu, Habiba akamkatalia: "Nimwambie mama yangu kwamba nimemchoka hata sijafika kwake? Sema mwenyewe." Kumtuma Bi Biasha ndiyo usiseme. Bi Biasha angeligeuza neno kuwa utani, na utani wa Bi Biasha ulikwisha kuvunja uchumba wa watu wawili. Sentensi ikamkaa Mtoro kooni kama mwiba wa samaki hongwe.

Hapo ndipo lilipoingia suala la ubao.

Ubao huo, wa kupandia mawimbi, Mtoro aliupata Dar es Salaam, enzi alipofanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Mgeni mmoja, ndiye aliyemfundisha kupanda mawimbi, aliona uzito wa kurudi nao kwao, akamwachia. Ni ubao mrefu, mpana, mwepesi kuliko unavyoonekana, rangi yake ya njano imepaukia jua. Nje ya mdomo wa mto kuna fungu la mchanga, na kusi ikivuma, mawimbi huvunjika pale moja baada ya jingine, madogo, yenye heshima zao. Mara mojamoja Mtoro alipata wageni wa kuwafundisha. Na katika likizo ile ya mkwewe wakaja vijana wawili kutoka Dar, nao wako likizo, wakapelekwa funguni, wakalazwa kifudifudi, wakasukumwa, wakasimama, wakaanguka, wakanywa maji ya chumvi, wakasimama tena wakipiga kelele za furaha. Bi Mwanawetu alikuwa amekwenda na Habiba kuokota chaza upande wa pili wa fungu hilohilo. Chaza hakuokota hata mmoja. Alisimama na kikapu chake kitupu, anatazama.

Jioni ile alimwambia Habiba, "Mwambie mume wako na mimi nataka."

"Unataka nini, Mama?"

"Kile. Kusimama juu ya maji."

Habiba alidhani utani. Akacheka mpaka akashika tumbo, kisha akaona mama yake hacheki. "Mama, wewe kuogelea hujui."

"Na wale watoto wa Dar walikuwa wanajua? Walikunywa maji mpaka nikawaonea huruma. Nilikuja huku nimefumba macho, Habiba. Niseme nini Mbwara? Mwanangu anaishi mahali gani? Niwaambie mahali peusi?" Akapanga kanga yake. "Mwambie. Au wageni ndio wana haki kuliko mimi?"

Mtoro alipoletewa habari alikuwa anakula. Aliacha kula. Kumkatalia mkwe ombi lake la kwanza ni utovu wa adabu. Kumkubalia ombi hili ni utovu wa adabu kumi na mbili, maana huwezi kumfundisha mtu ubao bila kumtazama, kumshika, na kumwamrisha. Akafikiri usiku kucha. Asubuhi akamwendea mama yake, na Bi Biasha, ambaye alikuwa hajapata habari tamu kama hiyo tangu mwaka uanze, akamkalisha na kumpa wosia.

"Ukimgusa mkweo unalipa faini, hilo unalijua. Kuku, kanga, chochote atakachotaja yeye. Aliyegusa hulipa, aliyeguswa hutaja."

Mtoro akaona giza. Alijua mkwewe angetaja nini. Angemtaja Habiba, arobaini isiyo na mwisho, na yeye asingekuwa na mdomo wa kujibu.

"Sitamgusa," alisema.

"Utamfundisha vipi?"

"Kwa kamba," akasema Mtoro.

Wakaenda funguni kwa boti siku ya pili, maji yanajaa taratibu. Walikuwa wanne: Mtoro, mkewe, mama yake, na mkwewe. Mtoro alivaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote hadi kooni, na kofia. Bi Biasha alimzunguka akimkagua. "Umekosa shahidi tu," alisema, "ningekuozesha hapahapa." Bi Mwanawetu naye alivaa dera, ndani yake suruali ya marehemu mumewe, kiunoni kajifunga kanga kama mkaja, na kichwani kanga ya pili iliyofungwa fundo chini ya kidevu. Kilichobaki wazi kilikuwa pua na ari.

Somo la kwanza lilifanyika mchangani. Mtoro aliulaza ubao, akaenda kusimama mbali, akageukia bahari.

"Habiba," alisema, "mwambie Mama alale kifudifudi juu ya ubao."

"Mama, ulale kifudifudi juu ya ubao."

Bi Mwanawetu alikuwa amesikia tangu mwanzo, hakuwa kiziwi. "Mwulize yeye anatazama wapi."

"Mama anauliza unatazama wapi."

"Mwambie natazama Mafia."

"Anatazama Mafia, Mama."

"Mwambie aendelee kuitazama. Haya, nimelala."

"Amelala."

"Mwambie apige maji kwa mikono, kulia na kushoto, kama makasia. Nikisema asimame, aweke viganja kifuani, aruke, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma."

Maneno hayo marefu yalipita kwa Habiba, yakafika nusu. Bi Mwanawetu akaruka miguu yote miwili ikiwa mbele. Bi Biasha akaona somo linaharibika, akapanda ubao yeye, akaonyesha, magoti kayakunja, mikono kainyoosha, kama mtu anayefukuza ndege kwenye mpunga. Bi Mwanawetu akamwiga. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza waliinuka mmoja mmoja, wakaweka vikapu chini.

"Mwambie mumeo nimeelewa," alisema Bi Mwanawetu, "sasa anipeleke kwenye maji. Mchanga hata Mbwara upo."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kwa hali yake Bi Mwanawetu aliyavalia. Mtoro alifunga kamba kwenye pua ya ubao, akaingia majini, na mkwewe amelala juu yake ameng'ang'ania kingo. Alipofika maji ya kiunoni akazunguka, pua ya ubao ikaelekea nchi kavu. Sasa mwalimu yeyote wa kazi hiyo hukaa nyuma ya mwanafunzi: humshikia ubao, huangalia wimbi, humsukuma. Mtoro alilijua hilo. Wale vijana wa Dar aliwasukuma kwa nyuma vizuri kabisa. Lakini ukikaa nyuma ya mama mkwe wako aliyelala kifudifudi na nguo zimelowa, utatazama wapi? Kwa hiyo alikaa mbele, uso nchi kavu, mgongo kwa mkwewe, kamba begani.

"Mwanangu," alipaza sauti Bi Biasha kutoka ufukweni, "wale wageni uliwasukuma. Huyu mbona unamvuta kama mbuzi?"

"Wale hawakuwa wakwe zangu, Mama!"

Kwa kuwa hakuweza kuliona wimbi, Mtoro alilisikiliza. Habiba alisimama kwenye maji ya vifundoni, mkono tumboni, ndiye simu yao. Wimbi la kwanza likaja.

"Mwambie asimame!" alisema Mtoro.

"Mama, simama!"

"Sasa?"

"Anauliza, sasa?"

"Ndiyo, sasa!"

"Ndiyo, Mama, sasa!"

Wimbi lilikwisha kupita, likafika ufukweni, likafa. Bi Mwanawetu akasimama juu ya maji yaliyotulia kama ya mtungi, akayumba, akalala tena. Wimbi la pili likawa vilevile, na la tatu, na wale wanawake wa chaza walikuwa wameanza kushikana mabega kwa kucheka. Bi Mwanawetu aliwasikia. Alikuwa mtu asiyependa kuchekwa na watu wasiolima.

"Mwambie mume wako," alisema kwa sauti iliyovuka hadi ufukweni, "wimbi halingoji salamu."

Wimbi la nne halikungoja. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko wenzake, si la kumtisha mtu wa Mbwera, lakini lilikuja na haraka zake. Mtoro alilisikia akafikiri ni mbali. Habiba aliliona. Akafungua mdomo kupitisha ujumbe, akakuta hana ujumbe wa kupitisha, ila wa kwake mwenyewe.

"Mtoro! Nyuma!"

Ubao ulimpiga Mtoro nyuma ya magoti. Hakuchagua, aliketi. Aliketi juu ya ubao, mbele ya mkwewe, miguu inaning'inia huku na huku, kofia imekwenda zake, na papo hapo mikono miwili ikamzunguka shingo kwa nguvu za mtu aliyeng'oa visiki maisha yake yote. Mfa maji haachi kutapatapa, na Bi Mwanawetu aliamini kabisa kwamba anakufa. Wimbi likawachukua wote wawili. Likawachukua vizuri, tena moja kwa moja, kama lilikuwa linasubiri siku zote lipewe watu wawili.

"Mtoro!" Bi Mwanawetu alipiga kelele sikioni mwake. "Mtoro baba, usiniache! Usiniache!"

Miaka miwili ya ukwe, hakuwahi kulitaja jina lake. Kwake Mtoro alikuwa "mume wa Habiba", au "huyo mwenzio". Sasa alilitaja mara nyingi kuliko hesabu. Na katikati ya safari ile fupi, kelele zikakatika, na Mtoro akasikia sikioni kitu ambacho hakukitarajia. Mkwewe alikuwa anacheka, kicheko cha msichana aliyepandishwa bembea. Mtoro alitamani wimbi lisifike.

Likafika. Ubao ukasugua mchanga, ukasimama kwenye maji ambayo hata bata angepita kwa miguu. Wanawake wa chaza walipiga vigelegele. Bi Mwanawetu alikuwa bado amekumbatia shingo, macho kayafumba tena.

Bi Biasha alikuja akasimama mbele yao, mikono kiunoni.

"Mama Habiba," alisema kwa upole mkubwa, "mmefika. Shuka kwenye mume wa mwanao."

Hapo Bi Mwanawetu akafumbua macho. Akaona maji yako wapi. Akaona mikono yake iko wapi. Akaona wanawake wote wale. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Aibu ikamshika mpaka kanga ya kichwani ikawa haitoshi kumfunika. Alishuka, akaenda kwenye boti bila kutazama mtu, akakaa mbele kabisa, na safari ya kurudi ikawa kimya kuliko ile ya kwanza.

Nyumbani alijifungia chumbani. Chakula hakula. Adhuhuri haijafika akamtuma Habiba kwa Mtoro aliyekuwa uani akijifanya anasafisha plagi ya mashine ambayo haikuwa na uchafu.

Habiba alikuja na macho mekundu. "Mama anasema likizo imekwisha. Tunaondoka kesho, mimi na yeye. Anasema hawezi kukaa mahali ambapo amevunjiwa uso."

"Kesho? Bado miezi miwili!"

"Nimemwambia. Anasema nitakwenda kuingojea miezi hiyo Mbwara."

Mtoro aliiweka plagi chini. Mbwera hapakuwa na boti nyingine kesho yake ila ya kwake. Yeye mwenyewe ndiye angeshika mashine, ampeleke mkewe Nyamisati na mwanawe tumboni, na yeye mwenyewe arudi na viti vitupu. Alimkumbuka Amri wa Utete na nguo zake za mtoto. Akahisi machozi, naye si mtu wa machozi, akailaumu kusi na mawimbi yake, akamlaumu mgeni yule aliyeacha ubao, akajilaumu mwenyewe kwa adabu iliyompa mgongo mtu aliyekuwa akimhitaji atazame.

Bi Biasha alimwona. Kwa mara ya kwanza hakumcheka. Alichukua sinia la wali kwa samaki lililokuwa limepoa, akaingia chumbani kwa Bi Mwanawetu bila hodi, akauacha mlango wazi kwa makusudi. Mtoro alibaki ukutani, hatua mbili kutoka mlangoni, anasikia yote.

"Mama Habiba, naambiwa unaondoka."

"Naondoka. Mwanao amenipa aibu."

"Amekugusa?"

"Amenikalia!"

"Amekalia ubao. Tena kwa kupigwa. Mikono yake ilikuwa wapi?"

Sinia likasikika likiwekwa chini.

"Ilikuwa kwenye kamba," alijijibu Bi Biasha. "Wanawake wote wameiona. Na mikono yako, mwenzangu, ilikuwa wapi?"

Mtoro akasikia kanga ikivutwa, kama mtu anayeficha mikono.

"Basi aliyegusa ni wewe. Na kwenu kama kwetu, aliyegusa hulipa. Unataka kuondoka, ondoka, hatukufungi kamba. Lakini huwezi kuondoka na deni la mkwe. Lipa kwanza, uso wako urudi mahali pake, na wangu pia, maana nimecheka kupita kiasi."

"Nitampa kuku," alisema Bi Mwanawetu kwa sauti ndogo. "Nikifika Mbwara nitamletea majogoo wawili."

"Hutaji wewe. Hutaja aliyeguswa. Mtoro! Najua uko hapo. Taja."

Mtoro aliyatazama mafuta yaliyokuwa mikononi mwake. Sentensi yake ilikuwepo, ileile, iliyozoezwa kwa upole na kwa ukali na kwa Kimatumbi. Alipofungua mdomo haikutoka vile alivyoizoeza.

"Mama," alisema kuelekea ukutani, na hapakuwa na mtu wa kumpitishia. "Mimi sitaki kuku. Mchukue Habiba, ni haki yako. Ila naogopa. Naogopa mwanangu atanijua kama mgeni. Arobaini ikiisha naomba nirudishiwe. Faini yangu ni hiyo tu."

Habiba, aliyekuwa jikoni, alikuja akasimama na mwiko mkononi.

"Hayo ni maneno ya Amri," alisema Bi Mwanawetu hatimaye. Hakumwambia Habiba ampelekee. Alimwambia Mtoro mwenyewe, kupitia mlango. "Amri alidhani mimi ni mkatili. Wazee wake walisema namla mjukuu wao nyama. Hakuna aliyeniuliza. Baba yake Habiba alipofariki nilibaki na watoto wawili, mmoja akaolewa Utete, mmoja akaolewa huku kwenye maji. Kudra alipokuja kujifungua, nyumba ikawa na sauti ya mtu asubuhi. Mkija kudai mnadai sauti ile. Nami nikasema bado mchanga, bado mchanga, mpaka akaanza kukimbia na mimi bado nasema mchanga." Akavuta pumzi. "Siku walipoondoka naye niliwasha moto, nikapika ugali wa watu watatu. Nikaula siku mbili."

Habiba aliweka mwiko chini, akaanza kulia bila kujificha.

"Haya, faini ni faini," Bi Mwanawetu aliendelea, na sauti ikarudisha ukali wake kidogo, maana ndio uliokuwa ukimsimamisha. "Kesho siondoki, niliapa kwa hasira, Mungu atanisamehe. Likizo yangu bado inadai siku zake. Na nikishamchukua Habiba, arobaini ikiisha nitamleta. Nitamleta mimi mwenyewe, mkononi, na mtoto wake. Lakini sikiliza, Mtoro. Nikishamleta, mimi sitakuwa na haraka ya kurudi."

Bi Biasha alifungua mdomo. Ungemjua ungesema utani unakuja. Akaufunga.

Mtoro alisimama pale ukutani, na ndipo akili ikamfikia, kwamba Amri miaka yote ile alikuwa akienda Mbwara kudai watu wawili, na hakuna hata siku moja aliyomwambia mwanamke yule afunge mlango waondoke wote. Aliwaza nyumba yake ya vyumba viwili. Aliwaza dirisha. Aliwaza mashati ya vifungo hadi kooni, kila siku, kwenye joto la Mbwera, mpaka mwisho wa maisha ya mmoja wao. Moyo ukaogopa na ukafurahi kwa wakati mmoja.

"Mama," alisema, "chumba hakuna. Ila miti ya kujengea ipo tele."

"Basi mbona umesimama nje?" alisema Bi Mwanawetu. "Ingia. Wali umepoa, na mimi sili peke yangu."

Mtoro alifuta mikono kwenye suruali, akavua makubadhi, akapita mlangoni. Akaketi mwisho wa mkeka, uso ameuelekeza kwenye sinia, na mkwewe akamsogezea upande wenye samaki.